Kufomati Diski Ngumu na Kupiga Upya Windows XP

Diski ngumu huhifadhi kila kitu cha kompyuta, kuanzia picha za harusi hadi hesabu za duka, katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kwa miongo kadhaa sekta moja ilibeba baiti 512, na kuanzia mwaka 2011 hivi watengenezaji wakahamia kwenye sekta za baiti 4,096. Diski ya gigabaiti 80, ukubwa uliozoeleka katika kompyuta za mezani za enzi za Windows XP, ina sekta zaidi ya milioni 150. Sekta zenyewe hazijui faili ni nini. Barua ya kurasa tatu inaweza kuwa imetawanyika katika sekta zilizoachana mbali, na kinachoziunganisha ni jedwali lililoandikwa mahali maalumu kwenye diski, likionyesha faili gani imekaa wapi na nafasi zipi ziko wazi. Kufomati ni kuliandika jedwali hilo upya, likiwa tupu.

Ndiyo maana si kweli kwamba diski iliyofomatiwa imefutika. Ni kama shule iliyochoma rejista yake: majina hayapo tena ofisini, lakini wanafunzi bado wamekaa madarasani. Faili za zamani hubaki pale pale zilipokuwa mpaka faili mpya ziandikwe juu yake, na programu za kurejesha data, ambazo nyingine hutolewa bure, huipitia diski sekta baada ya sekta na kuzifufua.

Juu ya jedwali la faili kuna jedwali jingine, dogo zaidi, katika sekta ya kwanza kabisa ya diski. Hilo hueleza diski imegawanywa sehemu ngapi na kila sehemu inaanzia wapi. Sehemu hizo, ambazo mafundi huziita patisheni, ndizo mtumiaji anazoziona kama C na D. Mpangilio wa zamani uitwao MBR, ambao XP huutegemea, una nafasi nne tu za sehemu za msingi, na kwa diski za sekta za baiti 512 hauwezi kuhesabu kupita terabaiti 2.

Kwa jedwali la faili, XP inatoa njia mbili. FAT32 inasomwa na karibu kila kifaa, ila haikubali faili moja ifike gigabaiti 4, na kisakinishi cha XP hakifomati kwa FAT32 sehemu inayozidi gigabaiti 32. NTFS haina vikwazo hivyo. Zaidi ya hapo, NTFS huandika pembeni kila badiliko la jedwali kabla ya kulitekeleza, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi, jedwali linaweza kurudishwa katika hali ya kueleweka. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, sababu hiyo peke yake inatosha kuichagua NTFS.

Kufomati kwenyewe kuna namna mbili. Kufomati kwa haraka huandika jedwali tu na humalizika ndani ya muda mfupi. Kufomati kamili, katika XP, huisoma pia diski nzima kutafuta sekta mbovu, na kwa diski kubwa kazi hiyo huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Wengi hudhani muda huo unatumika kufuta. Hapana. Ni kuanzia Windows Vista ndipo kufomati kamili kulipoanza kuandika sifuri kila mahali. Hata hivyo, kwa diski kuukuu, namna hii ya pili haina budi kupendekezwa, kwa kuwa sekta zilizokufa ni afadhali zigundulike kabla ya kazi kuanza kuliko mwezi mmoja baadaye.

Madhara ya kuchanganya kufomati na kufuta yalipimwa mapema. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, watafiti wa MIT nchini Marekani, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2003, diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, lakini 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, pamoja na barua za siri na za matibabu. Afrika nayo imeguswa. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walinunua diski ya mtumba huko Tema, Ghana, wakakuta ndani yake nyaraka za mikataba kati ya kampuni ya zana za kijeshi na serikali ya Marekani. Anayeuza au kugawa kompyuta yake Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, anapaswa kuichukulia habari hiyo kuwa yake. Dawa ni programu ya kufuta kweli kweli, kama DBAN, inayoandika juu ya kila sekta. Kwa diski za sumaku za kisasa kuandika mara moja kunatosha. Desturi ya kurudia mara 35 ilitokana na andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996 lililohusu diski za wakati ule na za kabla yake.

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, na Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Ilitaka kumbukumbu ya megabaiti 64 tu ili iwake, ingawa kwa kazi ya maana ilihitaji zaidi, na ilipata hata kifurushi rasmi cha Kiswahili kilichogeuza menyu zake. Sababu nzuri ya kuiweka leo ni karibu moja tu: kifaa au programu isiyokubali mfumo mwingine. Mashine ya kukata vibandiko, kipimo cha maabara au mtambo wa kiwandani ulionunuliwa mwaka 2004 unaweza kuwa na draiva, yaani programu inayouunganisha na Windows, ya XP pekee, na aliyeutengeneza ameshaacha kuushughulikia. Mtambo ni mzima, mpya haununuliki, na kompyuta inayouendesha imejaa virusi au imekataa kuwaka. Hapo kufomati na kupiga upya Windows, kama mafundi wanavyosema, ni uamuzi wa busara. Si taasisi ndogo tu zilizofika hapo: mwaka 2015 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliilipa Microsoft zaidi ya dola milioni 9 ili iendelee kuzihudumia kompyuta zake za mifumo ya zamani, XP ikiwemo. Kuiweka XP kwenye kompyuta ya kufungulia akaunti ya benki au barua pepe, kwa sababu tu ni nyepesi, ni jambo jingine, nalo halifai.

Kazi ya kupiga upya hushinda au hushindwa kabla diski haijaguswa. La kwanza ni nakala ya akiba, na hapa kosa la kawaida ni kuchukua folda ya nyaraka na vilivyo juu ya skrini, kisha kuamini kwamba ndiyo yote. Katika XP barua za Outlook Express hukaa ndani ya folda iliyofichwa chini ya jina la mtumiaji. Programu nyingi za zamani za uhasibu na za mitambo huweka data zake ndani ya folda ya programu yenyewe, kwenye Program Files au moja kwa moja chini ya C. Mipangilio ya mtambo, vipimo vyake vya usahihi na leseni ya programu yake huweza kuwa katika faili dogo lisilotazamwa na mtu kwa miaka, na likipotea mtambo mzima hugeuka chuma chakavu. Folda zilizofichwa ziamriwe zijionyeshe, kila kitu kinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha nakala zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Windows ikiwa haiwaki kabisa, kompyuta inaweza kuwashwa kwa CD au flashi ya Linux, au diski ikachomolewa na kuunganishwa kwenye mashine nyingine kwa adapta.

La pili ni draiva. CD ya XP inajua vifaa vilivyokuwepo ilipotengenezwa, basi. Kadi ya mtandao, sauti na picha ya mashine iliyotengenezwa mwaka 2007 huenda zisitambuliwe, na bila draiva ya mtandao hakuna njia ya kupakua hizo nyingine. Watengenezaji wengi wameshaziondoa kurasa za draiva za XP, hivyo ni lazima zitafutwe na kupatikana mkononi kabla ya kufomati. Ikiwa Windows ya zamani bado inawaka, orodha ya vifaa inaonyesha kwa kila kimoja namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa. Namba hizo zikiandikwa kwenye karatasi, utafutaji unakuwa wa uhakika badala ya kubahatisha.

La tatu ni CD yenyewe na ufunguo wa herufi na namba 25, ambao kwa kompyuta nyingi umebandikwa kwenye kava. Ufunguo wa toleo la Home haufungui la Professional. CD zilizotolewa na kampuni kubwa za kompyuta huangalia alama iliyomo ndani ya BIOS, programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows, ya mashine zao, na zikiikuta haziulizi uthibitisho. CD za dukani huhitaji kuthibitishwa ndani ya siku 30. Umri wa CD nao una uzito. XP ya mwanzo kabisa haikujua USB 2.0 wala diski inayozidi gigabaiti 137; vyote viwili vilitatuliwa kwa kifurushi cha marekebisho cha SP1 cha mwaka 2002. Mwenye CD ya 2001 na diski ya gigabaiti 250 ataona sehemu tu ya diski yake, na akilazimisha mambo anaweza kuharibu data. CD iliyounganishwa na SP3 ya mwaka 2008 huondoa adha hiyo, na pia haja ya kupandisha vifurushi kimoja kimoja, kwa kuwa SP3 haikubali kuwekwa juu ya XP isiyo na SP1 au SP2.

Mambo mawili ya vifaa humaliziwa hapo hapo. Betri ndogo ya ubao mama, aina ya CR2032, ikiwa imekufa, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kadhaa, na kila kinachotegemea tarehe hukosea, hivyo ibadilishwe. Na kebo ya mtandao, diski za nje, flashi na visoma kadi vichomolewe. Kisakinishi cha XP kikikuta kisoma kadi kinaweza kukipa herufi C na kuiweka Windows kwenye F, jambo linalozivuruga programu za zamani zilizozoea C.

Ndani ya BIOS, CD huwekwa kuwa ya kwanza kuwasha mashine. Hapo hapo ndipo penye kikwazo kinachowasumbua wengi kuliko vyote. Diski za SATA huweza kuendeshwa kwa njia ya kisasa iitwayo AHCI, ambayo XP haina draiva yake. Matokeo yake ni kisakinishi kudai hakuna diski, au skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Suluhisho jepesi ni kubadili mpangilio wa SATA kuwa IDE au wa kizamani, ikiwa BIOS inaruhusu. La sivyo, kisakinishi huomba mwanzoni kabisa kibonyezo cha F6 na flopi yenye draiva, ambayo leo ni shida kuipata. Mafundi wengi huona bora kutengeneza CD mpya iliyotiwa draiva hiyo kwa programu kama nLite.

CD ikishika, skrini ya buluu yenye maandishi meupe hupakia draiva kwa dakika chache. F8 ni kukubali masharti ya leseni. Kisha huja orodha ya sehemu za diski, na hapa ndipo pa kusimama na kusoma mara mbili. Kitufe cha D hufuta sehemu, na kisakinishi hutaka L kama uthibitisho. Kitufe cha C hutengeneza sehemu mpya. Mwenye sehemu D iliyojaa kazi zake anaweza kuiacha bila kuigusa na kufomati C peke yake, mradi atofautishe sehemu hizo kwa ukubwa wake. Baada ya kuchagua, hutajwa NTFS, ya haraka au kamili, na kazi huanza.

Diski mpya ikitumika badala ya ya zamani, kuna jambo la ziada. XP huanzisha sehemu ya kwanza kwenye sekta ya 63. Kwa diski zenye sekta halisi za baiti 4,096, na kwa diski za SSD, mwanzo huo haulingani na mipaka ya ndani ya diski. Maandishi madogo yanaangukia sekta mbili badala ya moja, na kasi inashuka sana. Dawa yake ni kutengeneza sehemu hiyo mapema kwa Windows 7 au Linux, ambazo huanzia sekta ya 2,048, kisha kisakinishi cha XP kiifomati bila kuifuta.

Faili zikishanakiliwa kompyuta hujizima na kuwaka tena. Ujumbe wa kubonyeza kitufe chochote ili kuwasha kwa CD hurudi, na safari hii unaachwa upite, vinginevyo kazi huanza upya. Sehemu ya pili ina picha na kipanya, na hutangaza kwamba zimebaki dakika 39, makadirio ambayo mashine kuukuu huyapita. Huulizwa lugha na kibodi, jina, ufunguo, nywila ya msimamizi na majira ya saa. Katika orodha ya majira, Afrika Mashariki imeandikwa kwa jina la Nairobi, na ndilo la kuchaguliwa hata kama kompyuta iko Dodoma, Kampala au Zanzibar.

Windows mpya huonekana kwa herufi kubwa kupita kiasi na mara nyingi bila sauti. Hiyo si hitilafu, ni draiva zinazosubiriwa. Ya ubao mama hutangulia, kwa sababu nyingine huipitia hiyo, kisha ya picha, ya sauti, na ya mtandao mwishoni. SP3, kama haikuwemo kwenye CD, huwekwa sasa kutoka kwenye diski ya nje.

Mtandao bado haujaguswa hadi hapa, na kuna sababu. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilienea duniani kwa kupitia mlango wa huduma ya ndani ya Windows, bila mtumiaji kubofya chochote. Kompyuta iliyounganishwa ikiwa mpya kabisa ingeweza kuambukizwa kabla viraka havijamaliza kupakuliwa. XP ya mwanzo ilikuwa na ukuta wa kinga, ila ulikuwa umezimwa. SP2 ya mwaka 2004 ndiyo iliyouwasha kwa kawaida. Kuipiga upya XP kutoka CD ya zamani ni kurudisha pia kila tundu lililokuwepo siku CD ilipotengenezwa. Na matundu yaliendelea kugunduliwa hata baada ya huduma kukoma. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kufunga faili katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, kikavuruga hospitali za Uingereza, na Microsoft ikatoa kiraka cha dharura hata kwa XP, namba KB4012598. Mwaka 2019 ikatoa kingine, KB4500331, kwa tundu la huduma ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali. Viraka hivyo viwili ni vya lazima kwa XP yoyote itakayounganishwa na kompyuta nyingine, hata ndani ya ofisi tu.

Kwa intaneti yenyewe, XP haina pa kwenda. Internet Explorer 8, ya mwisho kwake, haifungui tovuti nyingi za leo kwa kuwa haijui njia mpya za kusimba mawasiliano. Chrome iliiacha mwaka 2016 na Firefox mwaka 2018. Kompyuta ya mtambo basi inafaa ibaki nje ya mtandao, na faili zihamishwe kwa flashi iliyokaguliwa kwenye mashine nyingine yenye kinga hai. Kitendo cha XP cha kufungua chenyewe flashi inapochomekwa, kilichotumiwa na virusi vingi, kizimwe.

Programu ya zamani isiyohitaji kifaa maalumu ina njia bora zaidi: XP ndani ya mashine ya kufikirika, kwa programu kama VirtualBox, juu ya kompyuta ya kisasa. Hakuna diski ya kufomati wala draiva za kuwinda, na mambo yakiharibika nakala ya jana hurudishwa. Njia hii hukwama hasa pale mtambo unapodai kadi yake ichomekwe kwenye ubao mama au mlango wa printa wa kizamani. Mwenye kompyuta kuukuu anayetaka tu kuandika na kusoma hahitaji XP kabisa. Linux nyepesi itamfaa, ingawa kwa vichakataji vya biti 32 uchaguzi unapungua, kwani hata Debian, mojawapo ya Linux hizo, iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 kuanzia toleo la 13 la mwaka 2025. Swali la kubaki na mfumo wa zamani au kuhama sasa linawafikia na wenye Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa aliyemaliza kuipiga XP, ikabaki safi, ikiwa na draiva zote, viraka na programu ya mtambo iliyojaribiwa, kazi ya mwisho ni kupiga nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwa programu kama Clonezilla, na kuihifadhi kwenye diski mbili tofauti. Diski ya ndani ikifa, nakala hiyo hurejeshwa kwenye diski nyingine isiyopungua ile ya kwanza kwa ukubwa, na mtambo huendelea kufanya kazi siku hiyo hiyo bila CD wala ufunguo kutafutwa upya.